Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: tyubu za naitrojeni zinatulipukia mikononi

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa taasisi yetu,

YAH: TYUBU ZA KUHIFADHIA SAMPULI KWENYE NAITROJENI NA USALAMA WA SISI TUNAOZISHIKA

Profesa, shikamoo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmoja wa wataalamu wako wa maabara, nina miaka 11 kazini hapa na sita kati ya hiyo ndo nimekuwa mwenye funguo za chumba cha naitrojeni, kile kimiminika cha baridi kali tunachogandishia sampuli. Jina langu sijaliweka hapa ila ofisini kwako zipo barua zangu 3 zenye jina na saini, ya kwanza ya Novemba mwaka juzi, kwahiyo ukitaka kunijua ni kufungua faili tu. Ya kwanza nilijibiwa kwa mdomo kwamba suala linafanyiwa kazi. Ya pili sikujibiwa. Ya tatu mtu wa masijala akaniambia imeshushwa kitengo cha manunuzi kwa hatua zaidi, na hatua niliyoiona mimi ni kwamba mwezi uliofuata zikaingia stoo katoni nyingine 6 za tyubu zilezile ninazozilalamikia.

Ndo maana leo naandika hadharani. Sijafurahia, na sijaandika kwa kukuvunjia heshima, wewe ndo ulinishika mkono nikiwa fildi ukanifundisha kushika pipeti (kile kifaa cha kunyonyea na kudondoshea sampuli), na najua kabisa haya ninayoyasema unayajua kuliko mimi. Naamini tu kwamba hayajakufikia jinsi yalivyo.

Naanza na kilichotokea Machi mwaka huu maana ripoti uliyosomewa haikusema yote.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Mwenzetu mmoja, binti wa mkataba wa miezi 6, alitumwa kutoa tyubu 4 kwenye tangi la naitrojeni ili seli zikayeyushwe. Akatoa ya kwanza salama, ya pili salama, ya tatu ikalipuka mkononi kabla hata haijafika kwenye beseni la maji ya nyuzi 37. Mlio wake watu wa mapokezi waliusikia wakajua ni transfoma. Kipande cha plastiki kikamchana shavu kama upana wa vidole viwili chini ya jicho, akashonwa nyuzi 3. Alikuwa kavaa miwani ya kawaida ya maabara, kwasababu kinga ya uso mzima tuliyokuwa nayo moja tu ilishapasuka tangu mwaka jana na maombi ya mpya yapo kwenye barua yangu ya pili. Halafu fomu ya tukio ikajazwa "ajali ndogo, uzembe wa mtumiaji". Profesa, hapo kwenye uzembe ndo pananiuma mpaka leo. Yule binti alifanya kila kitu alichofundishwa. Tyubu ndo haikuwa ya kuwekwa pale ilipowekwa, na aliyeichagua hakuwa yeye.

Na kilichokuwa ndani ya ile tyubu kilikuwa seli nyeupe za damu za mtoto aliyetolewa damu akiwa na miezi 9, kabla hajawahi kuugua malaria hata mara moja. Mtoto yule sasa ana miaka 4, ameshaugua malaria yake na amepona. Hatuwezi kumrudisha akawa wa miezi 9 tukamtoa tena ile damu. Mama yake nilimpokea mimi kwa mkono wangu, alikuja na daladala mbili akiwa na mtoto mgongoni, akasaini fomu ya ridhaa iliyosema damu itahifadhiwa vizuri kwa ajili ya utafiti. Seli zile tulizipangusa kwenye sakafu na kitambaa chenye dawa ya jiki.

Sasa kero zenyewe, ntazitaja moja moja.

1. Tyubu tunazonunuliwa hazifai kuzamishwa, na sisi tunazizamisha.

Hili ndo kubwa kuliko yote so naomba uvumilie nilieleze kwa kirefu, sio kwa ajili yako wewe, ni kwa ajili ya wenzetu wa manunuzi na uhasibu watakaoisoma hii barua.

Naitrojeni ya kimiminika inachemka kwenye nyuzi -196. Tyubu za kuhifadhia sampuli zinatengenezwa kwa plastiki ya polipropilini na kwenye pakiti imeandikwa inavumilia mpaka -196, mtu wa manunuzi akisoma hapo anasema basi tayari, inafaa. Ila ukiendelea kusoma maandishi madogo kwenye pakiti au kwenye karatasi ya maelezo, watengenezaji wengi wanasema wazi kabisa: itumike kwenye mvuke wa naitrojeni tu (yaani ile hewa ya baridi iliyo juu ya kimiminika), usizamishe kwenye kimiminika. Kwenye zile katoni 6 maandishi hayo yapo, nimeyapiga picha na nimeyaambatanisha kwenye barua ya tatu.

Kwanini wanasema hivyo? Kwasababu kifuniko cha tyubu hakizibi hewa asilimia mia. Ukiizamisha tyubu ile hewa iliyobaki juu ya sampuli inapoa inasinyaa, kunakuwa na kama mfyonzo ndani, na ile oringi ya silikoni (pete ya kuzibia kifuniko) inakuwa imekakamaa kwa baridi haikamati tena kama ilivyokuwa ikikamata mezani. Taratibu kimiminika kinajipenyeza. Hukioni, tyubu inakaa miezi au miaka haina tatizo lolote maana huko ndani ni baridi. Tatizo linakuja siku unaitoa. Naitrojeni ya kimiminika ikipata joto la chumba inageuka gesi na inatanuka karibu mara 700, yaani nusu mililita iliyojificha mule ndani inataka kuwa zaidi ya robo lita ya gesi, kwenye kityubu cha mililita 2, ndani ya sekunde chache. Pale ilipoingilia polepole haiwezi kutokea kwa kasi hiyo. Ndo inapasuka. Huo sio uzembe wa mtu, hata angekuwa profesa ndo kaishika ingepasuka vilevile.

Tunazo karibu raki 30 (vishikizo vya kupangia) zilizojaa tyubu za namna hii chini ya kimiminika hivi tunavyoongea. Kila anayeenda kutoa sampuli anatoa kitu ambacho hajui kama kimeingiwa au hakijaingiwa.

2. Tangi letu ni la kimiminika na hakuna mpango wa kuhamia kwenye mvuke.

Nikisema hivi naambiwa kwenye mvuke baridi haitoshi, seli zitakufa. Sio kweli. Kinachotakiwa ni sampuli ikae chini ya kama -135 ambapo maji yanakuwa yameganda kama kioo na hakuna kinachosogea ndani ya seli, na tangi la mvuke lililotunzwa vizuri linakaa chini ya -150 bila shida. Maabara nyingi duniani zimeshahamia huko.

Na kuna sababu ya pili ambayo inatuhusu sana sisi tunaoshika damu za watu wenye kila aina ya maambukizi. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha taarifa kutoka London ya wagonjwa walioambukizwa homa ya ini B, na chanzo kikaonekana ni tangi la naitrojeni ambalo seli zao zilikuwa zinahifadhiwa humo pamoja na mfuko uliokuwa na virusi. Kile kimiminika kinazunguka kwenye tangi zima kama maji ya ndoo moja mnayonawia wote. Kinachoingia kwenye tyubu kimetoka kwenye bwawa hilohilo. Kwahiyo tyubu ikiingiwa tusiangalie mlipuko peke yake, tujiulize pia ile sampuli bado ni ya mtu mmoja au imeshachanganyika na ya jirani.

3. Anayeandika vigezo vya tyubu hajawahi kufungua tyubu.

Nimeomba nione vigezo vilivyoingizwa kwenye mfumo wa manunuzi. Imeandikwa hivi: "tyubu za plastiki 2 ml zenye kifuniko, pakiti". Basi. Kwa vigezo hivyo mzabuni akileta hata zile tyubu ndogo za kubonyeza kifuniko za kwenye sentrifyuji (mashine ya kuzungushia sampuli) ameshinda tenda kihalali, na ilishatokea mwaka jana zikaletwa, zikawekwa kwenye friza ya -80 na asubuhi tukakuta vifuniko vimeachia vyenyewe.

Mimi kama ningeulizwa (sijawahi kuulizwa) ningesema tuanze na swali moja, hii sampuli inaenda kukaa wapi? Friza ya -80, mvuke, au kimiminika? Hapo ndo kila kitu kinaanzia. Kama ni mvuke, tunataka tyubu iliyoandikwa na mtengenezaji kwamba ni ya mvuke, polipropilini, na ikiwezekana kifuniko kiwe cha plastiki hiyohiyo ya mwili ili vikisinyaa kwa baridi visinyae pamoja, maana kifuniko kikisinyaa tofauti na mwili ndo mwanya unapopatikana. Kama kuna mradi unalazimisha kimiminika basi kila tyubu iingizwe kwenye ile mirija maalum ya plastiki inayozibwa kwa joto pande zote mbili, na mashine yake ya kuzibia inunuliwe. Sio tyubu tupu.

Hesi za kifuniko nazo zina maana yake. Kuna tyubu zenye hesi kwa nje na zenye hesi kwa ndani. Za nje kifuniko kinaipanda tyubu kwa juu, kwahiyo ncha ya pipeti na sampuli haigusi zile hesi, uwezekano wa kuchafua unapungua, na kwa kazi zetu za seli mi napendelea hizo. Za ndani kifuniko kinazama mdomoni, tyubu inakuwa nyembamba inaingia vizuri kwenye boksi za nafasi 81 au 100, ila sampuli ikipanda juu inalowanisha hesi na ukifungua inakumwagikia kwenye glavu. Zote zinatumika, tatizo ni kwamba sisi tunaletewa leo hizi kesho zile, boksi hazitoshani, vifuniko havibadilishani, na watu wanavikaza kwa nguvu wakidhani ndo kuziba kumbe ukizidisha kukaza oringi inapinda na ndo umefungua mlango.

Halafu kitako. Tyubu iwe na kitako chenye meno kinachoshikana na raki, ufungue kwa mkono mmoja, mkono wa pili una pipeti. Hili linaonekana dogo kwa mtu aliyekaa ofisini. Kwa anayefungua tyubu 200 kwa siku sio dogo.

Iwe imesafishwa vijidudu na kiwanda, iwe na cheti cha loti (fungu lililotengenezwa pamoja kiwandani), isiwe na vimeng'enya vinavyokula DNA na RNA. Na isioshwe ikatumika tena. Naomba hili nilirudie maana lilishaulizwa kwenye kikao na mtu mzima kabisa: hapana, haioshwi kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto) ikarudi kazini.

Na kabla ya kununua katoni, mzabuni alete pakiti moja ya kujaribia. Jaribio lenyewe halina gharama: unaweka maji yenye rangi, unapima uzito, unagandisha -80 usiku kucha, unayeyusha ukiwa umezilaza kichwa chini juu ya karatasi nyeupe, unapima tena. Ikivuja karatasi itakuonyesha. Nilifanya hivi mwenyewe kwa tyubu 20 za zile katoni, 7 ziliacha doa. Hizo ni tyubu 20 tu za mtu mmoja mezani kwake, sisemi ni utafiti, ila kwangu zilitosha kunikosesha usingizi.

4. Lebo zinabanduka.

Stoo inatupa lebo za karatasi za kawaida zile za kubandika kwenye mafaili. Gundi yake kwenye baridi ile inakufa. Februari nilifungua boksi moja nikakuta lebo 26 zimelala chini ya boksi kama majani makavu na tyubu 26 zimesimama hazina majina. Wengine wanaandika na kalamu ya wino, ukipitisha spiriti inafutika, DMSO (dawa tunayochanganya na seli zisife zikiganda) ikidondokea inafutika. Lebo za baridi kali zipo, na zipo tyubu zenye msimbo wa utambulisho uliochapwa kitakoni na kiwanda ambao hautoki. Zile tyubu 26 bado ninazo, sijaweza kuzitupa na siwezi kuzitumia.

5. Chumba.

Chumba chetu cha naitrojeni zamani kilikuwa stoo ya vyombo vya usafi. Nimekipima kwa futikamba: mita 3 kwa 3, kimo mita 2 na nusu, hiyo ni mita za ujazo 22 na nusu. Hakina dirisha. Feni ya kutolea hewa inazimwa Ijumaa jioni kubana umeme. Lita 10 zikimwagika mle ndani zinakuwa kama mita za ujazo 7 za gesi, na ukipiga hesabu ya haraka haraka oksijeni inashuka kutoka karibu 21 mpaka kama 14 au 15 kwa mia. Kengele za oksijeni kwa kawaida zinawekwa zilie ikifika 19.5. Sisi hatuna kengele. Naitrojeni haina harufu, haina rangi, haikukabi koo kama moshi useme ngoja nitoke, unalegea tu na unaweza kuanguka kabla hujajua kwamba kuna kitu hakiko sawa. Na anayekufuata kukunyanyua anaanguka juu yako.

Haya yameshaua watu kweli. Mwaka 1999 Edinburgh, Uskochi, fundi wa maabara ya utafiti alifariki kwa kukosa oksijeni kutokana na naitrojeni, mtu wa kazi kama yangu. Tarehe 28 Januari 2021 kiwanda cha kuku cha Gainesville, Georgia, Marekani, naitrojeni ilivuja wakafa wafanyakazi 6, na wengine walioingia kuangalia na kusaidia wakaumia. Wale walikuwa na jengo zima la kiwanda. Sisi tuna stoo ya mafagio.

Na kengele ya tangi lenyewe, ile ya kusema kimiminika kimeshuka, ipo ila haijaunganishwa na simu ya mtu yeyote. Machi 2018 hospitali moja Cleveland, Ohio, walipoteza mayai na viinitete zaidi ya 4,000 vya watu waliokuwa wanatafuta watoto, na ikagundulika kengele ya kuwajulisha wakiwa mbali ilikuwa imezimwa. Ya kwetu wikiendi inamlilia mlinzi ambaye hakuna aliyemwambia ni ya nini.

6. Gari.

Naitrojeni yetu inafuatwa mjini na gari la taasisi. Dereva, mzee wetu ambaye wote tunampenda, anaipakia ndani ya kebini siti ya nyuma, anafunga vioo, anawasha AC. Ni dumu la lita 25. Nimeongea naye mara mbili na amenijibu kwa adabu kwamba nyuma kumejaa na akiacha vioo wazi vumbi linaingia. Simlaumu, hajawahi kufundishwa na mtu. Lakini Profesa mzee huyu ana wajukuu. Dumu lile likipinduka kwenye tuta au mfuniko wake ukiachia, kebini nzima haina hata nafasi ya hiyo gesi. Hii kero ndo nafuu kuliko zote kuimaliza, ni pikapu, mikanda miwili ya kufungia na agizo lako la mstari mmoja.

Hivyohivyo kwenye lifti. Dumu linapandishwa ghorofa ya pili na mtu akiwa ndani ya lifti pamoja nalo. Lifti yetu inavyokwama umeme ukikatika unaijua. Dumu lipande peke yake na mtu wa kulipokea awe juu, na mwingine azuie watu wasiingie njiani.

7. Vifaa vya kujikinga na mafunzo.

Glavu za baridi kali tuna jozi moja, ya mkono mkubwa, wadada zinawatoka. Glavu za mpira za kawaida zinagandana na ngozi. Kinga ya uso hakuna. Aproni hakuna. Mafunzo ya mwisho yalikuwa kabla ya korona, zaidi ya nusu ya wanaoingia mle ndani leo hawakuwepo.

Sasa najua ntajibiwaje, maana majibu mengine nilishapewa kwenye korido.

Ntaambiwa hakuna bajeti. Sawa, ila bajeti ya kwenda kumfuata yule mtoto na kumrudisha miezi 9 nayo hakuna. Tyubu nzuri ni ghali kuliko hizi, sikatai, ila gharama ya tyubu kwenye sampuli moja ni kitu kidogo kabisa ukijumlisha mafuta ya gari kwenda kijijini, posho ya muuguzi, kemikali za kutenganisha seli, na saa za watu. Tumebana kwenye senti tukamwaga shilingi.

Ntaambiwa sheria ya manunuzi inataka bei ya chini. Mimi sio mwanasheria, lakini nijuavyo bidhaa kwanza inatakiwa ikidhi vigezo ndo bei zilinganishwe. Tatizo letu halipo kwenye sheria, lipo kwenye ule mstari mmoja wa "tyubu za plastiki zenye kifuniko". Andikeni vigezo vizuri na sheria hiyohiyo itatuletea tyubu nzuri.

Ntaambiwa mbona miaka yote tumezamisha na hakuna aliyekufa. Hili nalijibu kwa kifupi, yule binti ana kovu.

Ntaambiwa tusubiri mfadhili, mradi mpya una mstari wa vifaa. Mradi mpya unaanza mwakani kama utaanza. Sampuli za watu zipo kwenye tangi leo, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atulinde bila kusema asubiri mfadhili.

Na kuna atakayesema huyu anatafuta cheo au katumwa. Waulize wenzangu. Miaka 11 sijawahi kuomba hata safari.

Tunachoomba ni hiki, Profesa:

a) Kuanzia kesho isizamishwe tyubu mpya hata moja kwenye kimiminika. Zilizopo kwenye stoo zitumike kwa sampuli za friza tu, na zile za loti zilizovuja zirudishwe kwa mzabuni.

b) Kwa zile zilizokwisha kuzama, tuandikiwe utaratibu rasmi wa kuzitoa. Mimi rasimu ninayo: raki ipandishwe kwanza ikae kwenye mvuke siku nzima au zaidi ili kilichoingia kipate muda wa kutoka kwa upole, halafu anayetoa tyubu awe na kinga ya uso mzima, aproni na glavu za baridi, tyubu akiitoa aiweke moja kwa moja ndani ya chombo kigumu chenye kifuniko kisichokaza, asiishike mkononi akaikodolea macho kusoma lebo. Kwenye maji ya 37 iingie tu baada ya kutulia, na maji yasifike kwenye kifuniko. Awepo na mtu wa pili mlangoni. Tyubu yoyote inayotoa mlio au povu iachwe, watu watoke. Sampuli ni ya thamani ila uso wa mtu ni zaidi.

c) Mtu wa maabara akae kwenye meza ya kuandika vigezo vya tyubu, maboksi na lebo, na saini yake iwe sharti kabla ya oda kutoka. Sio lazima niwe mimi.

d) Sensa mbili (vifaa vya kupima) za oksijeni, moja ndani ya chumba na moja mlangoni inayosomeka kabla hujaingia. Feni isizimwe siku yoyote. Kengele ya tangi iunganishwe na simu za watu wawili wa zamu, na mlinzi afundishwe.

e) Gari na lifti kama nilivyosema namba 6. Hili naomba liwe wiki hii, dereva anasafiri tena Jumanne.

f) Bajeti ya mwaka ujao iwe na tangi la mvuke, au kubadilisha hili tulilonalo liwe la mvuke kama mtengenezaji anaruhusu.

g) Ile fomu ya tukio la Machi irekebishwe. Neno "uzembe" litolewe. Mkataba wa yule binti unaisha mwezi ujao na fomu ile ipo kwenye faili lake, akienda kuomba kazi kwingine inamfuata. Hajanituma, hata hajui kama naandika, ila nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na niliona.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nikiyapata nitayaweka hapahapa nilipoweka barua hii, kama nilivyoyapata. Nisipoyapata nitapeleka nakala zote nne kwa wakaguzi wa usalama kazini, na nitakuwa nimekutaarifu kabla.

Nimeacha ufunguo wa pili wa chumba cha naitrojeni kwa sekretari wako, kwenye bahasha yenye jina lako. Njoo uone mwenyewe siku yoyote, asubuhi ndo kuna mwanga mzuri wa korido. Ukifika usiingie kabla hujaacha mlango wazi dakika kadhaa, na usiingie peke yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtaalamu wa maabara, chumba cha naitrojeni

Nakala:
Mkuu wa kitengo cha manunuzi
Mwenyekiti wa kamati ya usalama
Katibu wa tawi, chama cha wafanyakazi
Watafiti wakuu wote wenye sampuli kwenye tangi